Kupima oili ya pikapu kwa dipstiki: tambarare, subira na daftari



Leo tunaweka pembeni mbolea, mbegu na viuatilifu, tunafungua boneti. Najua wapo watakaouliza, afisa ugani na injini wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Kwa mkulima wa biashara, pikapu ni zana ya shamba kama ilivyo pampu ya umwagiliaji, na ikifa njiani msimu unaweza kufa nayo.

Chukua kijana aliyelima nyanya Ilula. Amehudumia shamba miezi mitatu, amenunua dawa, amelipa vibarua, amepakia matenga jioni ili ashushe Morogoro alfajiri. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 200: anashuka Kitonga na mzigo, anapita Ruaha Mbuyuni, anakatiza Mikumi. Injini ikinoki katikati ya safari hiyo anapata hasara mbili kwa mkupuo. Nyanya hazisubiri fundi, na injini haitengenezwi kwa hela ya matenga machache.

Sasa, vijana wengi ninaowatembelea wanapima oili, tena kila asubuhi. Shida ni kwamba wanapima vibaya, halafu wanaamini namba waliyoipata. Wengine wanaendesha gari lenye oili pungufu wakidhani imejaa. Wengine, na hawa ni wengi kuliko unavyodhani, wanaongeza oili juu ya oili mpaka inazidi. Makosa yote mawili yanaua injini.

Dipstiki inapima nini hasa?

Chini ya injini kuna bakuli la chuma linalobeba oili, mafundi wanaliita sampo. Dipstiki ni kijiti kinachochovya ndani ya bakuli hilo. Kina alama mbili: L na F, au MIN na MAX, au vitobo viwili, au sehemu iliyochorwa michirizi. Oili ikiwa kati ya alama hizo, uko salama. Ikishuka chini ya ile ya chini, ongeza. Ikipita ya juu, imezidi.

Kijiti chenyewe hakina akili. Kinakuonyesha oili ilipofika mahali kilipochovya, kwa dakika ile uliyokichomoa. Hakijui kama gari limeinama, kama oili nyingine bado iko juu kwenye injini, au kama kuna tone lililokwama kwenye bomba lake. Hayo ni ya kwako kuyajua.

Usiitegemee taa ya oili

Ile taa nyekundu yenye picha ya birika kwenye dashibodi, kwa pikapu nyingi tulizonazo, inapima presha ya oili na si kiasi chake. Inawaka pale pampu inaposhindwa kusukuma oili ya kutosha. Kwa hiyo oili inaweza kupungua sana taa ikiwa imezima, halafu ikawaka ghafla ukiwa kwenye kona ya mlima, oili ilipokimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Ikiwaka ukiwa unaendesha, sogea pembeni na uzime injini hapo hapo. Usijifariji kwamba utafika kwanza kijiji kinachofuata. Bila presha, beringi za krenki zinaanza kusagana chuma kwa chuma.

Sehemu ya kupimia: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mliowahi kupima makinga maji kwa fremu A mnajua jicho la mtu linavyodanganya kuhusu mteremko. Unaona uwanja ni sawa, ukiweka pimamaji unakuta umeinama. Kwenye injini ni hivyo hivyo.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme uwanja wako umeinama sentimita 5 kwa kila mita 1. Mteremko huo hauustukii kirahisi kwa macho. Kama dipstiki imechovya sentimita 20 kutoka katikati ya sampo kuelekea mbele au nyuma, usomaji utakosea kwa sentimita 1 nzima. Sasa chukua rula upime nafasi kati ya L na F kwenye dipstiki yako. Kwenye pikapu nyingi ni sentimita chache tu. Yaani sentimita 1 ya kosa inaweza kukuonyesha nusu wakati oili imejaa, au kukuonyesha imejaa wakati imefika nusu.

Nimeliona hili kwa macho. Kijana mmoja wa kata ninayohudumia alikuwa akilaza pikapu yake uani, pua ikiangalia juu. Kila asubuhi dereva wake anapima, anakuta oili iko chini, anaongeza kidogo. Baada ya wiki kadhaa sili ya nyuma ya krenki ikaanza kuvuja. Fundi akabadilisha sili, ikavuja tena. Gari lilipohamishwa kwenye sakafu tambarare ya ghala na kupimwa upya, oili ilikuwa imepita F kwa mbali. Kwenye gari lile dipstiki imekaa upande wa mbele, kwa hiyo pua ikiinuka oili inakimbilia nyuma na kijiti kinaambulia kidogo. Alikuwa akinunua oili ya kuharibu sili, kisha ananunua sili.

Utajuaje kama sehemu yako ni tambarare? Kama una pimamaji, weka juu ya ubao mrefu ulionyooka, kwanza kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Kama huna, tumia gari lenyewe: pima oili, ligeuze liangalie upande wa pili, matairi yakanyage pale pale, subiri tena muda ule ule, upime. Majibu yakilingana, mahali ni pazuri. Yakitofautiana, ukweli uko katikati yake, na wewe tafuta mahali pengine. Ukishapata, weka mawe manne ya alama kwenye matairi, na kuanzia leo oili ipimwe hapo tu.

Jambo lingine ni mzigo. Pikapu tupu mara nyingi nyuma imenyanyuka, ukipakia inashuka na pua inainuka. Kwa hiyo pima kabla ya kupakia. Ukipima leo likiwa tupu na kesho likiwa na matenga, utalinganisha vitu viwili tofauti.

Muda: mwache oili ishuke

Injini ikinguruma, sehemu ya oili iko juu: kwenye valvu, kwenye njia zake, kwenye kuta za silinda. Ukizima na kuchomoa dipstiki papo hapo, utasoma pungufu. Ndiyo maana kule sheli, gari likiwa limetoka barabarani sasa hivi, ukifungua boneti mara nyingi utaambiwa oili imepungua. Anayekuambia anaweza kuwa mkweli kabisa, kijiti ndicho kilichochomolewa mapema.

Vitabu vingi vya magari vinasema injini ipate moto, izimwe, kisha usubiri angalau dakika 5. Mimi nashauri dakika 10, hasa asubuhi za baridi, maana oili nzito inashuka polepole. Soma kitabu cha gari lako, maana chenyewe ndicho chenye neno la mwisho.

Na kupima asubuhi kabla ya kuwasha? Ni njia nzuri pia kwa matumizi ya shambani, kwa sababu oili yote imeshashuka usiku. Elewa tu kwamba oili inatanuka ikipata moto. Kutoka baridi ya asubuhi mpaka joto la kazi inaongezeka kama asilimia 5, yaani kwenye lita 6 ni karibu theluthi ya lita. Hivyo ile ya baridi itasomeka chini kidogo kuliko ya moto. Kwa hiyo chagua wakati mmoja na ubaki nao. Ukichagua alfajiri, iwe alfajiri siku zote. Ila siku unayotaka kuongeza oili, pima kwa namna kitabu kinavyoelekeza ndipo uamue.

Hatua kwa hatua

1. Simamisha pikapu tupu kwenye ile sehemu yako tambarare. Vuta hendibreki, zima, toa ufunguo. Feni ya umeme inaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka mikono na nguo mbali nayo.

2. Subiri dakika 10.

3. Kabla ya kuchomoa chochote, futa vumbi kuzunguka mdomo wa bomba la dipstiki na mfuniko wa kujazia oili. Barabara zetu za mashamba unazijua. Vumbi likiingia kwenye oili linafanya kazi ya msasa.

4. Chomoa dipstiki, usiisome bado. Mchomo wa kwanza hauaminiki, kwa sababu kijiti kimelowa oili iliyoruka wakati wa safari na ile iliyopakaa bomba. Ifute yote kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Pamba na magunia hapana.

5. Subiri kidogo oili ya kwenye bomba ishuke. Kisha rudisha dipstiki mpaka mwisho kabisa, kishikio kikae mahali pake. Ikibaki juu hata kidogo, itakusomea oili pungufu.

6. Ichomoe taratibu kwa kuinyoosha, bila kuisugua kwenye kuta za bomba. Ishike ikiwa imelala, usiisimamishe wima kichwa chini, maana oili itatiririka kuelekea kishikio na kukudanganya.

7. Soma pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja utakuwa na mchirizi uliopanda kwa kugusa bomba. Amini ule upande ulio chini, pale ambapo kijiti kimelowa upana wake wote. Mchirizi mwembamba pembeni usiuhesabu.

8. Futa, rudia mara ya pili. Majibu mawili yakikubaliana, hilo ndilo jibu. Yakipingana, subiri dakika 5 nyingine na urudie.

Oili mpya ni nyepesi kwa rangi, wengi wanashindwa kuiona. Igeuze dipstiki kwenye mwanga wa pembeni, au iguse juu ya karatasi nyeupe ya chooni: pale karatasi inapoanza kulowa ndipo oili ilipofika. Na kwa wenye injini za dizeli, oili kuwa nyeusi siku chache baada ya sevisi ni kawaida, ni masizi inayobeba. Usiimwage kwa sababu ya rangi peke yake.

Je, hiyo dipstiki ni ya injini yako?

Swali hili linachekesha mpaka ukumbuke magari yetu tunayapataje. Pikapu nyingi za mtumba zimebadilishwa injini, na dipstiki zikipotea au kuvunjika, watu wanaokota ya gari lingine. Kijiti kikiwa kirefu au kifupi kwa sentimita 2, utapima kwa uaminifu miaka yote na utakosea miaka yote.

Siku nzuri ya kuhakiki ni siku ya kumwaga oili. Injini nyingi za pikapu zinachukua kati ya lita 5 na 8, kiasi kamili kiko kwenye kitabu, na hakikisha ni kitabu cha injini iliyomo sasa. Tuseme imeandikwa lita 7 pamoja na filta. Mwaga ya zamani ikiwa ya moto, gari likiwa tambarare, acha idondoke mpaka iishe. Badilisha filta, jaza lita 6. Hakikisha dipstiki inaonyesha oili imeshagusa L ndipo uwashe dakika moja, ili filta ijae. Zima, subiri, pima. Ongeza nusu lita, subiri, pima. Ongeza nusu lita ya mwisho, subiri, pima tena.

Hapo umejua mambo mawili. La kwanza, lita 7 zikiingia zote, oili inatakiwa iwe jirani na F. Ikiwa mbali, kijiti hicho si cha injini hiyo. Tafuta kinachostahili, na kwa sasa fundi akuwekee alama yako pale oili ilipofika. La pili, umejua nusu lita inapandisha oili kiasi gani kwenye gari lako. Hutabahatisha tena siku ya kuongeza.

Kuongeza bila kuzidisha

Ongeza oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Kama kinasema 15W-40, tafuta hiyo. Mimina robo lita kwa kila mara, subiri dakika 5, pima. Si lazima ifike F kabisa, robo tatu inatosha na gari linatembea vizuri tu.

Kwa nini naogopa kuzidisha? Oili ikipanda sana, krenki inaipiga inapozunguka na kuifanya povu, kama unavyokoroga maziwa. Povu lina hewa, na hewa hailainishi beringi. Presha inashuka, joto linapanda, sili zinavuja, na nyingine inavutwa kwenye silinda na kutoka kama moshi wa bluu. Ikiwa imepita F, usiseme itajipunguza yenyewe. Ipunguze: fundi anaweza kuinyonya kwa mpira mwembamba kupitia bomba la dipstiki, au kulegeza nati ya chini na kutoa kidogo.

Daftari ndilo linalosema ukweli

Kipimo kimoja kinakuambia kuhusu leo. Vipimo 10 vinakuambia kuhusu injini. Chukua daftari lile lile unaloandikia mauzo, fungua ukurasa mmoja, andika mistari minne: tarehe, kilomita, oili ilipofika (F, robo tatu, nusu, robo, L), na kiasi ulichoongeza. Pima mara moja kwa wiki, na kila kabla ya safari ndefu. Msimu wa mavuno gari likifanya kazi kila siku, pima kila siku ya pili.

Tuseme umeongeza lita 1 baada ya kilomita 5,000. Injini inakula lita 0.2 kwa kila kilomita 1,000. Andika namba hiyo. Ikibaki hapo hapo miezi sita, huna la kuogopa. Ikiruka ghafla mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000 hiyo hiyo, kuna kitu kimebadilika: sili, ringi za pistoni, au tabo. Mpeleke fundi daftari pamoja na gari. Fundi mzuri atakupenda, na yule wa kubahatisha atakuwa na kazi ya kujieleza.

Kuna dalili moja nataka uiogope kuliko kupungua, nayo ni oili kupanda bila mtu kuongeza. Oili haizai. Ikipanda, kuna kitu kingine kimeingia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda ni maji ya rejeta yamepita kwenye gasketi ya silinda hedi. Ikinuka dizeli na kuteleza nyepesi vidoleni, huenda nozeli inavuja, au kwa pikapu za kisasa zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosti, dizeli ya kuunguzia masizi imeshukia kwenye sampo. Kwa vyovyote, usipakie mzigo. Zima, mwite fundi.

Ila utaona tu kwamba imepanda kama wiki iliyopita ulipima mahali pale pale, kwa namna ile ile, ukaandika. Bila hivyo utasema "aah, leo nimepima vizuri zaidi", na safari itaanza.

Mwisho, kama una dereva, mfundishe haya na daftari libaki ndani ya gari pamoja na chupa ya lita 1 ya oili ya aina ile ile, kitambaa safi na faneli ndogo. Kisha Jumapili moja, kabla hamjaanza kupakia, njoo upime mwenyewe ulinganishe na alichoandika. Kama mnapata jibu moja, mna kipimo. Kama hamlingani, anzeni upya na ile sehemu tambarare.